Boazi Silwimba na Mafuta Yaliyoganda

Mchungaji Anyosisye, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo wa Silwimba, wakwe zetu mliotoka Mbozi, ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Mwenzo, majirani wa Chapwa na Tunduma, ninasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi Amoni Silwimba, mdogo wake marehemu kwa baba mmoja na mama mmoja, niwasomee maisha yake tangu alipozaliwa hadi Mungu alipomchukua, na kabla sijaanza nawaomba vijana mliosimama kule karibu na ghala mkae chini, na fimbo mziweke chini pia, kwa maana msiba hauchungwi kwa fimbo.

Najua mnachokingoja. Tangu jana jioni mwili ulipofika kutoka Mbeya, watu wamekuwa wakinong'ona kwamba kaka yangu hakufa kwa ajali, kwamba kuna mtu aliachwa na moto akaufanyia jambo, na kwamba mtu huyo ni mkwe wetu Enoka Nzunda, mume wa Fides binti wa marehemu, ambaye mnamwona amekaa peke yake nje ya ua, na asubuhi ya leo baba yetu mdogo, mzee Zebedayo, ametamka kwamba Enoka asitupe udongo kaburini, na kwamba Fides asirudi naye kwao Nanyala. Kwa hiyo leo tuna kazi mbili, kumzika Boazi na kuamua juu ya Enoka, nami sitajifanya kuwa sioni ile ya pili. Wanaotaka kunong'ona wanong'one kwa sauti, nisikie na mimi, la sivyo wanisikilize hadi mwisho.

Marehemu Boazi Yonatani Silwimba alizaliwa tarehe 9 Machi 1909 hapa hapa Chapwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Yonatani Silwimba na mama Ketrina Nachalwe, ambaye kaburi lake mnaliona pale, udongo wake haujakauka. Alibatizwa Mwenzo tarehe 5 Mei 1912, na mwaka 1916, vita vya Wazungu vilipopita katika nchi hii, baba yetu alichukuliwa kuwa mpagazi, akaondoka na mzigo wa risasi kichwani akielekea kaskazini, wala hakurudi, wala hatukuonyeshwa alikozikwa. Mama akabaki na sisi wawili, Boazi akiwa na miaka saba nami nikiwa mchanga, na mwaka ule wa njaa hapakuwa na kiberiti katika kijiji kizima, ila mama hakukubali moto wake uzimike, kila siku alipomaliza kupika aliyafukia makaa kwenye majivu, na majirani wengine walikuja kwake na vigae kuomba moto. Boazi ndiye aliyepewa kazi ya kuuangalia. Nawaambia hili mapema kwa sababu kila kilichotokea wiki iliyopita kilianzia kwenye jiko lile, na asiyelijua jiko la mama yangu hawezi kukijua kifo cha mwanawe.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya misheni ya Mwenzo tarehe 17 Januari 1921, akajifunza kusoma, kuandika, hesabu na Neno la Mungu, akamaliza mwezi Novemba 1926, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake alimkumbuka kwa kuuliza kwa nini ugali huungua chini ya chungu na juu ukabaki mbichi, na mwalimu alipomjibu kwamba ni kwa sababu mpishi ni mvivu, Boazi akakataa, akasema mama yake si mvivu, akachapwa. Swali lile hakuliacha. Alilibeba hadi utu uzima, nalo ndilo lililompa kazi.

Tarehe 2 Aprili 1928 aliondoka kwa miguu pamoja na vijana wenzake kwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akaanza kama mchochezi wa boila la mvuke, akitupa kuni na makaa ya mawe, na mwaka 1937 alihamishiwa kwenye kiwanda kilichokuwa na tanuri la namna nyingine, ambalo halikuchemsha maji bali mafuta. Aliporudi likizo alitueleza, tukamcheka, tukamwuliza kama huko shaba wanaikaanga kama maandazi. Akasema, "Awe," kama wanavyokataa watu waliokaa migodini, kisha akaketi jikoni kwa mama, akachukua chungu, akatufundisha.

Alisema kwamba moto ukiuweka moja kwa moja chini ya kitu, kitu kile huungua mahali pamoja na kubaki kibichi mahali pengine, ndiyo sababu ya ugali wa mama kuungua, na kwamba dawa yake ni kutafuta mbebaji, kitu cha katikati kinachochukua joto kutoka tanurini, kikalipeleka polepole kwa njia ya mabomba mpaka mahali linapotakiwa, kisha kikarudi kikiwa kimepoa kuchukua jingine. Mvuke hubeba joto, lakini mvuke una hasira, ukitaka joto kubwa lazima uubane ndani ya chuma kwa nguvu kubwa, na siku chuma kikishindwa watu hufa. Mafuta hubeba joto kubwa kuliko lile bila kuwa mvuke, bila kubanwa, yakizunguka kimya kimya kwa pampu, na juu ya mtambo huwekwa tangi lenye nafasi, kwa maana mafuta yakipata joto huvimba, na lazima yapate mahali pa kwenda.

Akasema tena kwamba si mafuta yote hufaa. Yapo yanayochimbwa ardhini, ndugu wa mafuta ya taa, hayo ni rahisi kupatikana, hayasumbui kwenye baridi, lakini ukiyazidishia joto hugeuka meusi na kufanya ukoko ndani ya bomba, sawasawa na ukoko wa chungu, na ukoko ukikaa bomba huungua. Yapo yanayotengenezwa na watu viwandani, kwa kuchanganya dawa na dawa, na ya kwanza kati ya hayo ni meupe kama maji, hustahimili joto ambalo lingeyageuza yale mengine lami, hukaa miaka bila kufanya ukoko, nayo yananukia kama maua, hata wanawake wa kule waliomba wapewe kidogo wajipake, akawakatalia, kwa kuwa harufu nzuri si dawa ya ngozi, na moshi wake ukiuvuta unakuumiza. Ya pili ni mazito kuliko maji, hayashiki moto hata ukiyaletea kiberiti, mabwana waliyasifia sana, ila watu walioyashika walitoka vipele usoni visivyopona, na Boazi hakuyapenda tangu mwanzo. Alisikia kwamba yako mengine yanayotokana na mchanga, lakini hakuyaona kwa macho, na alichokuwa hajakiona hakukisimulia.

Na juu ya yale meupe yanayonukia, alitupa onyo moja, nalo naomba mlishike, kwa maana kulivunja ndiko kulikomwua. Mafuta yale yana tabia ya samli, ukiyaacha bila moto asubuhi ya baridi huganda, yakawa mawe meupe ndani ya bomba. Kwenye nchi ya joto hilo si kitu. Lakini yakishaganda usiwashe tanuri, kwa sababu mafuta yaliyo karibu na moto yatayeyuka na kuvimba, na yale ya mbele yakiwa bado jiwe hayatapata pa kwenda, kwa hiyo ni lazima uanzie mwisho, kwenye bomba linalopanda tangi la juu, ulipashe taratibu kwa matambara na maji ya moto, urudi nyuma hatua kwa hatua, na tanuri liwe la mwisho kuwashwa. Alikuwa na msemo wake, akiutumia hata kwenye mambo ya ndoa na mashauri ya ukoo, kwamba fungua kwanza njia ya kutokea, ndipo uwashe njia ya kuingilia.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na mama Tabita Nakamba tarehe 12 Agosti 1933, na Mungu akawajalia watoto wanne, Fides aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1935, Watson aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1938, Timotheo aliyezaliwa na kufariki mwaka 1942, na Ruti aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1946, na ndoa yao ilikuwa ya kicheko, shemeji yangu hatakasirika nikisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na mdomo na kaka ndiye aliyekuwa na masikio. Mwaka 1950 walirudi nchini kwa sababu mama alikuwa amezeeka, na mwaka uliofuata marehemu akaajiriwa kwenye kiwanda cha kukaushia kahawa huko Nanyala, ambako mwenye shamba alikuwa amenunua tanuri la mafuta lililotumika ng'ambo, pamoja na mafuta yake yale meupe, ili lipeleke joto kwenye mabomba, feni zipulize hewa juu ya mabomba, na kahawa iliyooshwa ikauke hata jua lisipotoka.

Wenyeji wa Mbozi mnanisikia, nanyi mnajua kahawa yenu huiva miezi gani. Huiva wakati wa baridi. Mtambo uliotengenezwa kwa nchi ya joto uliletwa Nanyala, mahali ambapo mwezi wa Juni mtu hunawa uso huku akilia, na Boazi alipouona tu alisema mafuta haya yataganda, akashauri yabadilishwe, akaambiwa yatabadilishwa haya yakiisha, na mpaka hapo akaweka sheria moja, kwamba tangu Mei hadi Agosti moto wa tanuri usizimwe kamwe, hata kahawa isipokuwapo uachwe mdogo, pampu izunguke. Miaka sita aliulinda moto ule kama alivyoulinda wa mama, na sisi ndugu zake tukazoea kuuita moto wa Boazi.

Mwaka 1952 alipewa msaidizi, kijana wa Kinyiha, mzaliwa wa huko huko Nanyala, ndiye Enoka Nzunda, akamfundisha kazi, akampenda, na tarehe 18 Septemba 1954 akamwoza Fides. Hapo ndipo palipotokea shida ambayo Mzungu asingeielewa. Sisi sote tunajua adabu ya mkwe, kwamba hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, hapingi kauli yake, na akisema neno likakataliwa halirudii. Sasa watu wawili wa namna hiyo watafanyaje kazi kwenye tanuri moja, ambapo mmoja lazima ampigie mwenzake kelele kwamba funga, fungua, acha, umekosea? Boazi akamwita Enoka mbele ya wazee wa pande zote mbili, mzee Zebedayo ulikuwapo, akatangaza kwamba ndani ya mlango wa kiwanda hakuna mkwe, kuna fundi na msaidizi, na msaidizi akiona kosa aseme hata mara kumi, lakini wakishatoka mlangoni adabu irudi mahali pake. Wakaishi hivyo kwa amani, kelele ndani na heshima nje, watu wakawacheka wote wawili.

Ndugu zangu, sasa nafika mwezi uliopita, na hapa nitasoma polepole.

Siku ya Jumamosi tarehe 22 Juni mwaka huu wa 1957 mama yetu Ketrina alifariki alfajiri, na habari ikamfikia Boazi saa nne asubuhi kwa mtu wa baiskeli. Mila yetu haihitaji kufafanuliwa hapa, mama mwenye nyumba akifa, moto wake huzimwa na majivu hutupwa, na mtoto wa kwanza naye huzima moto wake popote alipo, hakai na moto mpaka wazike na kuwasha mpya. Kaka yangu alikuwa mzee wa kanisa, na wengine mtauliza kwa nini aliifuata, nami nawajibu kwamba hakumfuata shetani, alimfuata mama yake. Alizima jiko la nyumbani kwake Nanyala. Kisha akasimama, akafikiri moto wake hasa ni upi, akaona kwamba jiko la nyumbani ni la Tabita, na moto wake yeye, ule aliokabidhiwa, uliolisha wanawe, ni wa tanuri. Akaenda kiwandani akamwambia Enoka azime.

Enoka alisema, "Fundi, mafuta yataganda." Boazi akamjibu, "Mama hafi mara mbili. Zima, wala usiwashe mpaka nirudi na moto mpya wa nyumbani kwa mama." Msimamizi wa kiwanda alikuwa amesafiri kwenda Mbeya kutafuta mikanda ya feni, hapakuwa na mwingine wa kuulizwa, na Enoka akazima. Huo moto mnaosema aliachwa nao, jamani, haukuwapo. Aliachwa na majivu.

Tulimzika mama Jumapili tarehe 23, wengi wenu mlikuwapo, na Jumanne jioni tukawasha moto mpya katika nyumba ile, na asubuhi ya Jumatano tarehe 26 Boazi alichukua makaa ya moto ule, akayafukia kwenye chungu chenye majivu, akapanda lori la mahindi, akiyalisha magunzi njiani yasizimike, kichwa chake kimenyolewa, macho yamevimba, akishika chungu mapajani kama mtu aliyebeba mtoto. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa na furaha ya ajabu, hiyo nakiri iliniogopesha, alisema kuanzia leo kahawa yote ya Nanyala itakaushwa na mama yake.

Alifika saa saba mchana. Kahawa iliyooshwa ilikuwa imelala marundo siku nne, imeanza kutoa harufu, wanawake wa kuchambua wamekaa wanangoja, na kila mtu akimtazama yeye. Akaligusa bomba la upande wa kaskazini, lililopigwa na jua tangu asubuhi, akalikuta vuguvugu, akaligonga, likalia vizuri, mafuta yamelegea. Upande wa kusini, ambako bomba hupita nyuma ya ukuta kupanda kwenye tangi la juu, jua la Juni halifiki. Enoka alikuwa amekwenda huko. Akarudi akasema, "Fundi, la kusini bado ni jiwe. Tuanze na matambara."

Kaka yangu alikuwa amesimama na chungu mikononi, na makaa yalikuwa yanakaribia kufa. Akasema maneno haya, aliniambia mwenyewe, sikuyatoa kwa mtu mwingine. "Mkwe wangu, leo mimi ni mfiwa, si fundi. Usinizuie kwa moto wa mama."

Mmelisikia neno alilotumia. Alimwita mkwe ndani ya mlango. Kwa neno lile moja alirudisha adabu mahali alipokuwa ameitoa mwenyewe, na Enoka, aliyekwisha sema mara moja, hakuweza kusema ya pili, akainamisha macho, akarudi nyuma hatua, kama kila mmoja wenu hapa alivyofundishwa na mama yake. Mzee Zebedayo, nakuuliza kwa heshima, nawe ni baba yangu, mkwe wako akikupinga mara mbili siku ambayo hujamaliza kumlilia mama yako, ungemwitaje?

Boazi akamimina makaa tanurini, akaweka kuni, moto ukashika. Geji ya joto ilianza kupanda, ikapita mahali pake pa siku zote, wala mafuta hayakuzunguka, pampu ikawa inanguruma bila kusukuma kitu, na hapo msiba ukamtoka kichwani, akawa fundi tena, akaelewa alichokifanya. Akapiga kelele, "Enoka, toa watu!" Na mwenyewe akachukua reki akaanza kuvuta kuni nje. Enoka aliwatoa wanawake wote waliokuwa kwenye ghala la kukaushia, wengine aliwasukuma, mmoja alimbeba, na alipokuwa mlangoni na wa mwisho kiungo cha bomba kilipasuka, mafuta ya moto yakatoka kama ukungu, yananukia maua, ukungu ule ukapata moto wa tanuri.

Felista wa Nanyala yupo hapa, namwomba asimame mwone mkono wake uliofungwa. Ni yeye na Enoka waliolowesha gunia, wakaingia, wakamtoa Boazi. Enoka hakuungua kwa kuwa yeye ndiye aliyejifunika gunia na kutangulia, Felista akashika ncha, na ncha haikumtosha. Ahsante, dada, kaa. Wale waliouliza kwa nini mkwe hakuungua, jibu lenu limekaa pale pamoja na wanawake, mngeliuliza tangu jana lingewajibu.

Marehemu alipelekwa hospitali ya serikali Mbeya jioni ile ile, akauguzwa siku tano, nami nilikuwa kando ya kitanda chake. Siku mbili za kwanza hakusema. Siku ya tatu alifungua macho akauliza kuhusu wanawake, nikamwambia wote wazima, akalia, akaniambia niinamishe sikio. Alisema, "Amoni, utakaponisomea historia usinisomee historia ya malaika. Sema niliijua sheria, niliitunga mwenyewe, nikaivunja. Amri yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, akaitii. Ya pili, ya kutoa watu, ilikuwa nzuri, akaitii. Watakaomlaumu waulize wanamlaumu kwa ipi." Nikamwambia watu hawapendi marehemu asemwe vibaya. Akanijibu kwamba marehemu atakuwa yeye, kwa hiyo ruhusa anatoa yeye. Alifariki Jumatatu tarehe 1 Julai 1957, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja, ambaye baba yake ni Enoka.

Nimesoma nilichoagizwa. Haikuwa rahisi kwangu. Nilitamani kama ninyi kupata mtu wa kumshika shati, maana uchungu usiokuwa na mtu wa kulaumiwa ni mzigo mzito, mtu hajui autue wapi, na njiani kutoka Mbeya, nimekaa kwenye lori na jeneza, nilimchukia Enoka kwa muda mrefu huku najua ukweli wote. Kisha nikakumbuka kwamba kaka alikuwa na ulimi na siku chache za kuishi, akazitumia kumfungulia mtu mwingine mlango.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa Mbeya kwa mikono yao laini juu ya ngozi isiyogusika, inamshukuru dereva wa lori aliyekataa nauli ya jeneza, wafanyakazi wa Nanyala waliotembea hadi hapa wakiacha kahawa yao inaoza, ndugu wa ng'ambo, kanisa, na majirani wa Chapwa, ambao kwa muda wa siku kumi mmetuchimbia makaburi mawili bila kuuliza.

Limebaki jambo moja, nalo pia ni agizo. Moto wa nyumba hii umezimwa tangu jana, na baada ya maziko lazima uwashwe mpya. Kwa mila ni kazi ya Watson, mtoto wa kiume, naye yupo hapa mbele yenu, nimezungumza naye, amekubali kama baba yake alivyotaka. Atakayewasha ni Enoka. Atatupa udongo baada ya Ruti, ataingia kwa mlango wa mbele, atapiga kiberiti kwenye jiko la mama Ketrina, na sisi wote tutapikiwa kwa moto huo usiku wa leo, na asiyeutaka moto wa Enoka, Chapwa ni pana na Julai ina baridi ya kutosha.

Mzee Zebedayo, nakuona umesimama. Umepita katikati ya watu, umefika nje ya ua. Naona unamshika Enoka mkono. Basi sina la kuongeza, vijana, inueni jeneza.

Kaka Boazi, leo tumeanzia mwisho kama ulivyotufundisha, njia ya kutokea imefunguka. Nenda ukapumzike.